Majani ya Injinia

Jumapili, 16 Machi

Mvua bado. Mawingu yanafika juu ya mlima, yanatutazama kwa dharau, kisha yanarudi yalikotoka. Mahindi tumeyaweka kwenye debe tunangoja.

Nimeamua kuanza daftari tena. Miaka ishirini na sita kule Olkaria kazi yangu ilikuwa kusoma geji za visima vya mvuke na kuandika: saa, presha, joto, sahihi. Sasa nimestaafu mwaka wa pili hapa Subukia na mkono bado unaniwasha nikikosa kuandika. Linah, mke wangu, anasema mkono unaowasha upewe jembe. Nimeupa vyote viwili.

Leo nimehesabu komfri yangu: mashina arobaini na moja. Nilianza na vipande sita vya mizizi, kila kimoja urefu wa kidole, nilivyopewa kwenye mafunzo ya kilimo hai. Marehemu mama aliipanda pia, akiiita kwa jina la kwetu, "mabaki", akachanganya majani machanga kwenye mukimo wa viazi na mahindi. Siku hizi wataalamu wanasema ukiila inaharibu ini, kwa hivyo sisi hatuli. Sungura wanakula, na mengine natandaza chini ya nyanya. Majani yana vinyweleo vinavyowasha, lakini mmea wenyewe hauna shida na mtu. Unaukata, baada ya wiki tano umerudi.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imekuja. Tumepanda kutwa, mgongo umekufa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimejaza pipa majani ya komfri na maji, nikafunika. Baada ya wiki tatu ni mbolea, na harufu yake haisemeki. Ndugu yangu Mbugua amekuja kwenye ua unaotenganisha mashamba yetu, akavuta pua.

"Injinia, hiyo ni mbolea ama umeficha maiti?"

Ananiita Injinia tangu siku niliyoajiriwa, ingawa anajua nilikuwa msoma geji tu. Ni mkubwa wangu kwa miaka saba. Tulipofiwa na baba ndiye aliyeacha shule ili mimi nisiache. Ana ugonjwa wa sukari mwaka wa kumi na moja huu, na dawa anameza akikumbuka, yaani mkewe Wangui akimkumbusha.

Ijumaa, 11 Aprili

Mbugua amejidunga mguu wa kulia kwa jembe uma akichimbua nyasi. Jino moja lilipita kwenye gambuti likaingia nyama, nyuma kidogo ya kidole gumba. Kinachonishangaza ni kwamba hakusikia. Aliendelea kulima hadi Wangui alipoona maji mekundu yakitoka kwenye gambuti.

Tumempeleka dispensari. Wameosha, wamemdunga sindano ya pepopunda, wamempima sukari wakatikisa kichwa. Wamesema arudi kila siku kusafishwa kidonda hadi watakapomwambia basi.

Jumapili, 13 Aprili

Jana na leo Mbugua ametembea kwenda dispensari na kurudi, kilomita tano kwenda na tano kurudi, kwenye matope haya. Amefika na bandeji imelowa, nyeusi kuliko gambuti lenyewe. Nimekasirika kweli.

"Wacha kwenda huko," nimemwambia. "Mimi nitakufunga hapa nyumbani."

"Na nini?"

"Na majani."

Amecheka, lakini ametoa mguu. Nimeosha kwa maji ya chumvi yaliyochemka. Nimeponda majani sita ya komfri kwenye jiwe hadi yakawa uji mzito, nimeyapaka, nimefunga kwa kitambaa cha shuka nilichochemsha. Huu mmea unafunga nyama, jambo hilo linajulikana tangu zamani. Mimi mwenyewe niliwahi kujikata kidole kwa kisu cha sungura, siku nne kikawa kimeshikana.

Linah alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba Kamande, hiyo ya kidole ilikuwa mkato. Hii ni shimo."

"Shimo ni nini kama si mkato mrefu?"

"Kwetu ng'ombe akidungwa na pembe, hiyo shimo inaachwa wazi. Inajazwa kutoka chini. Ikifunga juu mbele ya chini, imefunga na uchafu."

Nimemwambia ndugu yangu si ng'ombe. Mbugua amecheka sana, nami nimefurahi kuchekesha mgonjwa.

Jumanne, 15 Aprili

Kidonda: mdomo sentimita tatu. Nimepima kwa rula. Nimefunga upya.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mbili na nusu.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Moja na nusu. Hakuna usaha, hakuna harufu. Nimemwonyesha Linah rula. Ametazama rula, akatazama mguu, akaenda kukamua.

Jumatatu, 28 Aprili

Imefunga. Siku kumi na tano! Ngozi mpya ni ya waridi, laini. Mbugua ameipitishia kidole mara nyingi kama mtu aliyenunua kiatu.

"Andika hapo kwa kitabu yako," ameniambia. "Tarehe ishirini na nane, imefunga."

Nimeandika. Ninakiri kwamba leo najiona mtu.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani Mbugua ametoa ushuhuda. Amesimama mbele, amevua kiatu na soksi, ameinua mguu juu ya benchi watu wote waone. Amesema Mungu alimpa daktari ng'ambo ya ua na hakujua. Waumini wamepiga makofi. Nilikuwa nimekaa safu ya nne nikijifanya natafuta wimbo kwenye kitabu.

Baada ya ibada watu tisa wameniomba majani. Fancy, mwenye kinu cha kusaga unga, ameomba mizizi apande. Nimempa vipande vitatu na maelezo marefu ambayo hakuyahitaji.

Jumatatu, 12 Mei

Mbugua anachechemea kidogo. Anasema ni gambuti jipya. Nimeangalia: ngozi imefunga vizuri, pana joto kidogo. Palizi imetushinda, mvua haitupi nafasi.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Wangui anasema Mbugua hana hamu ya chakula. Nimempelekea mayai.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemkuta Mbugua amejifunika blanketi mbili, anatetemeka. Wamemnunulia dawa ya malaria kwenye duka la dawa. Nikaomba nione mguu. Umevimba hadi kifundo, unang'aa. Pale penye kovu ngozi bado imefunga sawasawa, hata tundu la sindano hakuna. Nimebonyeza kwa kidole gumba. Kidole kimezama, na nilipokitoa alama imebaki pale pale.

"Unasikia uchungu?"

"Sisikii kitu."

Nilifurahi kwa dakika nzima aliposema hivyo. Kisha nikakumbuka gambuti lililojaa damu.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali Nakuru. Sina kazi nyingine ya kufanya.

Asubuhi nilimwita Kipketer mwenye pikapu. Tulimlaza Mbugua nyuma juu ya godoro, tukamfunika turubai, mimi na Wangui tukiwa tumeshika pembe zake ili upepo usilibebe. Pale penye mteremko gari lilikwama. Kipketer na mimi tulisukuma kwa nusu saa. Mbugua chini ya turubai alikuwa akitoa maagizo: kata kulia, weka mawe, Injinia hujui kusukuma. Nilimshukuru Mungu kwa kila tusi.

Daktari ni msichana mdogo kuliko mwanangu. Aliutazama mguu, akauliza kidonda kilitibiwaje. Mbugua akanitangulia.

"Huyu ndugu yangu alinifunga na komfri. Kidonda ilipona siku kumi na tano."

Daktari alivaa glavu. Aliniomba nitoke lakini sikutoka. Alichukua kisu kidogo, akapasua ile ngozi ya waridi niliyoipima kwa rula. Usaha uliotoka ulijaza bakuli, ukaendelea. Harufu yake naijua. Ni ya lile pipa langu.

Baadaye alinieleza ukumbini, kwa sauti ya chini, bila kunilaumu.

"Mzee, hayo majani hayana uongo. Yanafunga ngozi haraka. Shida ni hiyo haraka. Shimo refu inafaa ifunge kutoka chini kuja juu. Hii ilifunga juu, uchafu ukabaki ndani, na mtu wa sukari hawezi kuskia. Sasa imeingia kwa mfupa."

"Ni mimi," nilimwambia.

"Si majani peke yake. Sukari yake iko juu sana. Pengine hata angesafishwa kila siku tungekuwa hapa."

Alisema pengine. Nimelishika neno hilo tangu saa tano na sasa ni saa tisa. Limeanza kuisha.

Linah alinieleza jambo hili hili mlangoni kwangu, bila kusomea udaktari, na mimi nikafanya mzaha wa ng'ombe. Miaka ishirini na sita nilisoma presha ya vitu vilivyo chini ya ardhi, nikijua kabisa kwamba juu kukiwa kimya si lazima chini kuwe kimya. Nyumbani nikapima mdomo wa kidonda kwa rula ya shule.

Jumanne, 27 Mei

Wameukata, chini ya goti. Yuko hai.

Jumatano, 28 Mei

Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 7 Juni

Mbugua ametoka hospitali. Yuko Section 58, mtaa wa Nakuru mjini, kwa binti yake, Shiru, ili asiwe mbali na kliniki. Wangui yuko naye. Mimi na Linah tunakamua ng'ombe wao na wetu.

Nimefanya palizi yao yote. Mwili unachoka lakini kichwa hakichoki.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeenda Section 58. Njiani nilijipangia maneno, nikayarudia hadi nikayachukia. Nilimkuta Mbugua kwenye kochi, magongo mawili yameegemea televisheni, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini.

Nikasema. "Mzee, nataka unisikize. Mimi ndiye nilikwambia uwache kwenda dispensari. Mimi ndiye nilifunika hiyo shimo. Daktari ameniambia. Mguu wako umeenda juu yangu."

Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha ya mbali.

"Injinia, wewe ulifunga kidonda. Wao ndio walifungua."

"Ndani ilikuwa imeoza, mzee. Niliona na macho yangu."

"Ilioza wakati walikata. Kitu ukiikata si inaoza? Nilienda huko na miguu mbili." Akanishika mkono. "Usikubali hao watoto wa hospitali wakuingize hofu. Mkono wako ni wa mama. Yeye pia alikuwa na mkono ya dawa."

Nilirudia mara ya pili. Akaongeza sauti ya televisheni.

Jikoni Shiru alikuwa akiosha vikombe. Alikuwa amesikia yote.

"Anko, wacha tu."

"Nyinyi mnajua ukweli?"

"Daktari alituambia. Mimi nilikasirika na wewe wiki moja mzima, nikachoka." Alikausha kikombe kimoja kwa muda mrefu. "Lakini Baba hataki. Akikubali wewe ulikosea, itabidi akubali yeye alikosea kukuskia. Saa hii hana nguvu ya hiyo."

Nilikunywa chai. Ilikuwa nzuri na nilijichukia kwa kuiona nzuri.

Jumapili, 22 Juni

Leo nimesimama kanisani. Nimesema yale majani niliyowapa msiyatie kwenye kidonda chenye shimo, wala mtu wa sukari asiyaguse, nimemharibu ndugu yangu.

Mchungaji alisema tumshukuru Mungu kwa unyenyekevu wa mzee Kabiru. Wakapiga makofi.

Nje Fancy alinishika bega. "Mzee, usijilaumu. Hospitali zinapenda kukata. Yangu imeshika vizuri, niko na mashina matatu."

Nimemwambia ayang'oe. Amesema ndiyo, kwa namna mtu anavyomwambia mtoto ndiyo.

Jumatatu, 30 Juni

Mbugua amerudi nyumbani. Watu walimpokea wakiimba. Aliwasimulia langoni, akiwa kwenye magongo, jinsi alivyopona kwa majani na jinsi hospitali ilivyochukua mguu mzima uliokwisha kupona. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nikiwa nimebeba begi lake. Nilifungua mdomo. Kila uso ulikuwa unanitazama kwa upendo.

Nikaingiza begi ndani.

Jumatano, 2 Julai

Nimeng'oa komfri yote. Mashina arobaini na moja, mizizi mingine ilizidi urefu wa mkono wangu, myeusi nje, myeupe ndani, inateleza kama sabuni. Imenichukua kutwa nzima. Nimeirundika kando ya ua ikauke niichome. Ardhi imelowa na mizizi inakatikia humo, najua kuna vipande vimebaki.

Linah aliniletea uji. "Sasa sungura watakula nini?"

"Sijui."

"Umeikasirikia bure. Ilifanya kazi yake."

Maneno hayo hayakuwa ya kunichoma, lakini yamenichoma.

Jumanne, 8 Julai

Mvua imeingia kwenye lundo, haliwaki. Limepungua. Labda Wangui amewachukulia kuku.

Jumamosi, 19 Julai

Imeota tena shambani. Kutoka kila kipande kilichobaki, tena mashina mengi kuliko mwanzo. Nimehesabu hadi sitini nikaacha. Nimeng'oa nilivyoweza.

Tumewakatia Mbugua na Wangui kuni. Mbugua anatembea na magongo kila siku hadi kwenye ua na kurudi, anasema anafundisha mguu uliobaki kazi ya miwili. Nimemwomba anionyeshe huo mguu kila Jumapili nikague. Amesema nimekuwa daktari wa kanisa.

Jumapili, 27 Julai

Amekataa kuvua kiatu. Anasema kufunga kamba ni kazi. Wangui anasema sukari imeshuka, dawa anameza. Nimefurahi.

Jumapili, 3 Agosti

Amekataa tena. Mahindi yametoa ndevu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mbugua ameniita leo saa nne, kwa sauti ya furaha, nikaja na daftari mfukoni kama kawaida.

Amekaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni lao, mahali ambapo huwa siendi. Pale ukutani, kwenye udongo uliopaliliwa vizuri, kuna mstari wa komfri. Mashina kumi na mawili. Majani manene, mapana, yenye afya kuliko yangu yalivyowahi kuwa.

"Nilichukua kwa hiyo takataka yako," ameniambia. "Wewe ulikuwa umekasirika, nikajua utakuja kuyatafuta. Nikakuwekea."

Kisha nikaona kiatu kiko kando. Mguu wa kushoto, ule mmoja, umefungwa kwa kitambaa cha shuka. Fundo limewekwa pembeni kama ninavyoweka mimi.

"Hiyo ni nini, mzee?"

"Kitu kidogo. Kiatu ilinitoboa hapo chini, si uzito wote sasa uko hapa. Wiki mbili na kitu. Sikutaka kukusumbua."

"Wangui anajua?"

"Wangui ni wa kupiga kelele."

Amefungua kitambaa mwenyewe, polepole, akifurahia. Ameondoa uji wa majani kwa kidole. Ameinua wayo ili nione.

"Angalia. Imefunga hata kushinda ile ingine."

Ni kweli. Ngozi ya waridi, laini, bila tundu. Nimepiga magoti. Nimebonyeza kwa kidole gumba.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu. Si nimekwambia imepona?"

Nimetoa kidole na alama imebaki.

Nimempigia Kipketer simu. Amefika, pikapu iko langoni, injini amezima. Wangui amekimbilia ndani kutafuta kitambulisho na kadi ya kliniki, namsikia akiangusha vitu. Linah ameleta turubai. Nimemweleza Mbugua mara tatu, kwa upole, kwa ukali, na mara ya tatu nikilia. Amenisikiliza mara zote tatu akiwa ameshika nguzo ya jikoni kwa mikono miwili.

"Wakate na hii?" amesema. "Nibaki na nini, Injinia?"

Nimemwambia labda hawatakata. Labda tumewahi. Sikuwa na la kumwonyesha ila uso wangu, na huo ameuzoea.

"Rudi nyumbani, Kipketer," amesema juu ya kichwa changu. "Huyu ndiye alinifundisha. Anajua imepona, ni hofu tu."

Kipketer ananitazama mimi, anangoja. Mimi nimekaa chini hapa kando ya mguu wake, nimeushika kwa mkono wa kushoto maana naogopa kuuachilia. Mbugua ameliona daftari mfukoni mwangu. Amelichomoa mwenyewe, akaliweka gotini pangu, akanipa kalamu.

"Andika," ameniambia. "Kama ile siku. Tarehe tisa, imefunga."

Tarehe nimeandika.